Kiti Kwanza, Ndipo Mtoto

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya madereva wa malori, matingo, wenye magari na familia zao, kuelekea likizo ya shule ya mwezi Juni

Waheshimiwa wenye malori, ndugu zangu madereva na matingo, mama zetu na dada zetu mliokuja na watoto, itifaki imezingatiwa.

Shule zinakaribia kufungwa, na kila anayeishi kwa kazi hii anajua maana yake. Kuanzia wiki ya kwanza ya likizo, ukisimama pale mizani ya Himo au kwenye maegesho ya Boma Ng'ombe, utawaona watoto ndani ya malori: mmoja amekaa katikati ya dereva na utingo, mwingine amelala kwenye kitanda cha nyuma ya viti, na mwingine, jambo linaloniumiza kuliko yote, yuko juu ya mzigo ameshika kamba ya turubai. Baadhi ni watoto wa dereva mwenyewe. Wengine ni wa jirani, wanapelekwa kwa bibi Rombo au kwa shangazi Korogwe, na mama amefurahi kwamba nauli imeokoka. Nimeombwa nizungumzie kanuni na usalama wa watoto hawa. Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo: kinachoamua mtoto apande lori au asipande kiwe ni kiti. Mtoto asiye na kiti chake mwenyewe, chenye mkanda unaomkaa sawasawa, hapandi, hata kama baba anampenda kiasi gani na hata kama safari ni ya hapa hapa Moshi, kutoka Majengo hadi Kiboriloni. Na hata aliye na kiti hapandi mpaka mwenye gari awe ameridhia kwa maandishi.

Kabla sijaenda mbali, nataka niseme wazi kwamba sikuja kumgombeza baba yeyote. Nimeendesha malori ya masafa marefu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha udereva, na ninaijua hamu ya kuwa na mwanao pembeni. Dereva anaondoka Moshi na mzigo, anashusha Dar es Salaam, anapata mzigo mwingine wa bandarini wa kwenda Tunduma au Rusumo, na mtoto aliyemwacha akitambaa anarudi kumkuta anatembea. Likizo ndiyo nafasi pekee anayoiona ya kukaa na mwanawe saa nyingi mfululizo, amwonyeshe milima ya Upare, mashamba ya mkonge ya Korogwe, daraja la Ruvu. Hamu hiyo ni njema, na mtoto naye anaitamani safari hiyo usiku kucha. Lakini wema wa nia haupunguzi kasi ya gari linapogonga, ndiyo maana tunapaswa kuzungumza kuhusu vyuma na vipimo.

Tuanze na mwendo. Kilomita 50 kwa saa ni ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya makazi, na wengi wetu tukiwa kwenye mwendo huo tunajiona tunakwenda taratibu sana. Lori likigonga kitu kizito kwa mwendo huo na kusimama ghafla, kila kisichofungwa ndani ya kebini kinaendelea kwenda mbele kwa kasi ileile hadi kizuiwe na dashibodi au kioo. Kishindo anachopata mtoto hapo ni sawa na cha kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Na malori yetu yanaruhusiwa kufika kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu. Kishindo cha mwendo huo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya hicho nilichokitaja, kwa sababu nguvu ya mgongano inapanda kwa mraba wa mwendo.

Akina mama wengi huniambia, "Mimi nitampakata." Naomba tuhesabu pamoja. Mtoto ana kilo 10, gari linakwenda kilomita 50 kwa saa na linasimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ili mtoto huyo asitoke mikononi, mama anatakiwa kuhimili nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140, tena bila kujiandaa, na yeye mwenyewe akiwa anarushwa mbele. Hakuna mzazi mwenye mikono hiyo. Na kama mama mwenyewe hakufunga mkanda, uzito wake wote utamkuta mtoto kwenye dashibodi. Wapo pia wanaofunga mkanda mmoja kwa watu wawili, mama na mtoto; hapo mtoto ndiye anayebanwa kati ya mwili wa mama na mkanda. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mikono ya mama ndiyo kinga pekee ambayo watoto wetu wengi wanayo barabarani, na haitoshi.

Kuna wanaoamini kwamba lori ni salama kwa ukubwa wake, kwamba kinachogongana nalo ndicho kinachoumia. Katika mgongano na gari dogo hilo huwa kweli mara nyingi. Lakini watu waliomo ndani ya lori hawaumizwi sana na magari madogo. Wanaumia lori linapopinduka na wao wakatupwa nje, wanapogonga nyuma ya tela la lori jingine lililoharibika usiku bila alama, breki zinapogoma kwenye mteremko, au nondo, magogo na mabomba yanapohama kutoka kwenye bodi na kuibonyeza kebini kwa nyuma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na mzigo wake. Uzito huo ukianza kusukuma, ukubwa wa lori unageuka kuwa hatari kwa aliyemo. Mwezi Februari mwaka 2024, eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, lori lililoshindwa breki liliyagonga magari mengine matatu na watu 25 wakapoteza maisha. Wengi wetu tunapita mteremko ule kila wiki.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu hivi karibuni, nilipokuwa naandaa maneno haya. Nilimwomba mzazi mmoja aje na mwanawe wa miaka 7 kwenye uwanja tunaofundishia, tukamkalisha kwenye kiti cha abiria cha fuso iliyosimama, injini imezimwa. Mtoto alikaa vizuri, mgongo umeegama, tukamfunga mkanda. Miguu yake haikufika sakafuni, na ukingo wa kiti ulimkata kwenye mashavu ya miguu. Haikupita dakika, akateleza mbele mwenyewe ili akunje magoti, kama afanyavyo mtoto yeyote. Pale pale kipande cha chini cha mkanda, ambacho kinatakiwa kulala chini kabisa kwenye mifupa ya nyonga, kikapanda tumboni. Kipande cha juu, kinachotakiwa kupita katikati ya bega na kifua, kikamgusa shingoni. Akakiondoa kwa mkono mmoja na kukipitisha nyuma ya mgongo. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anatafuta nafuu tu.

Mkanda ukiwa tumboni wakati wa kugonga, unakandamiza utumbo, ini na bandama badala ya kushikwa na mifupa, na mtoto anaweza kuchomoka kwa chini. Ukiwa nyuma ya mgongo, kifua na kichwa vinakwenda mbele bila kizuizi chochote. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni akitazama, na aliniambia kwamba siku zote alikuwa anajua kuwa mwanawe amefunga mkanda. Ni kweli alikuwa amefunga. Mkanda ule umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima, na kwenye mwili mdogo hauwezi kufanya kazi yake.

Ndiyo maana duniani vikatengenezwa viti vya watoto. Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na miongoni mwa njia zilizothibitishwa za kupunguza vifo hivyo ni kiti kinacholingana na umri, uzito na urefu wa mtoto. Mtoto mchanga hukalishwa akitazama nyuma, na kiti chake hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, ule unaofumuka gari linapogonga. Aliyekua kidogo huwekewa kiti cha kumwinua ili mkanda umkae kwenye nyonga na begani. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa inavipanga viti hivi kwa kufuata urefu wa mtoto hadi sentimita 150. Na wataalamu wa afya ya watoto wanashauri kwamba aliye chini ya miaka 13 akae kiti cha nyuma.

Lori la kawaida halina kiti cha nyuma. Lina kitanda, na hapo ndipo wengi wetu tunapomlaza mtoto akisinzia. Naomba kila dereva aliyeko hapa aondoke akijua kwamba kitanda kile ni cha kulalia gari likiwa limesimama. Mtu aliyelala pale bila kufungwa, breki ikikanyagwa kwa nguvu, anakuja mbele kwa kichwa katikati ya viti viwili na kukutana na kioo. Katikati ya dereva na utingo nako, kwenye magari mengi tunayoyatumia, mkanda ni wa kiunoni peke yake, na kwenye mengine haupo kabisa au ulikatwa zamani. Kiti cha mtoto kilichotengenezwa kwa gari dogo mara nyingi hakikai imara kwenye kiti cha lori, hasa vile viti vinavyopanda na kushuka kwa upepo. Kwa hiyo napendekeza, na nitafurahi kusikia mwenye hoja tofauti, kwamba sisi tuweke mstari wetu kwenye sentimita 150. Mtoto aliye chini ya urefu huo asisafiri kwenye lori, kwa sababu kinga anayoihitaji haipatikani humo. Aliyeufikia akae kwenye kiti chenye mkanda wa bega na kiuno, mgongo umeegama, magoti yamekunjwa ukingoni na nyayo ziko sakafuni. Kama viti ni vitatu na watu ni wanne, mmoja anabaki. Idadi ya viti imeandikwa kwenye kadi ya gari, hatuhitaji kubishana.

Kuhusu mtoto kukaa kwenye bodi au juu ya mzigo sitasema maneno mengi. Hakuna umri unaofaa, hakuna umbali unaofaa, na hakuna namna ya kushika kamba inayofaa. Mkungu mmoja wa ndizi ukiteleza, mtoto yuko barabarani na gari la nyuma limefika.

Sasa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda, lakini ilitungwa bila sharti la kiti cha mtoto. Nimewasikia madereva wakisema kwamba kwa kuwa halimo, basi trafiki hana la kuuliza. Ndugu zangu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na inamwekea mzazi wajibu wa kumlinda mwanawe dhidi ya hatari za kimwili na kimaadili. Kebini isiyo na kiti wala mkanda ni hatari ya kimwili. Tena leseni ya usafirishaji ambayo lori limepewa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ni ya mizigo. Dereva anayepokea nauli, hata ya soda, kumbeba mtoto wa mtu, anafanya biashara ambayo gari lake halikusajiliwa kuifanya. Na bima, wenye malori mnaonisikia, isomeni kabla ya likizo. Bima za malori ya mizigo mara nyingi huwa na masharti kuhusu nani anahesabiwa kuwa mtu halali wa ndani ya gari, na mtoto aliyepandishwa kwa mazoea anaweza kujikuta nje ya masharti hayo. Mpigieni simu wakala wenu, mumuulize swali hilo moja, na mwombe jibu kwa maandishi.

Wenzetu wa Marekani walilitatua jambo hili kwa njia ambayo nadhani tunaweza kuiga hata kabla Bunge letu halijatutungia kifungu kipya. Kanuni yao ya shirikisho inamkataza dereva wa lori la biashara kumbeba mtu yeyote bila idhini ya maandishi ya kampuni yenye gari. Idhini hiyo hutaja jina la anayebebwa, mahali anapopandia na anaposhukia, na tarehe ambayo idhini inakwisha. Wanaoachwa ni wachache: waajiriwa waliopangiwa gari hilo, mtu anayesaidiwa kwenye ajali au dharura, na mwangalizi wa mifugo inayosafirishwa. Tangu mwaka 2016 kanuni zao pia zinamtaka abiria wa lori la mizigo afunge mkanda sawa na dereva. Juu ya hayo, kampuni nyingi huko zimejiwekea umri wa chini wa mtoto anayeruhusiwa na kudai bima ya ziada kwa ajili yake.

Kinachonivutia katika utaratibu huo ni kwamba unamwondolea dereva mzigo wa kuamua peke yake, usiku, mlangoni kwa shemeji yake, huku mtoto ameshavaa viatu. Leo kwetu dereva akikataa anaonekana ana roho mbaya. Akikubali na likatokea la kutokea, mwenye lori anasema hakujua. Karatasi inaondoa yote mawili. Kwa hiyo nawaomba wenye magari, kila mmoja kwa nafasi yake, mwandae kibali cha ukurasa mmoja: jina la mtoto, umri na urefu wake, jina na simu ya mzazi asiyesafiri, safari inaanzia wapi na inaishia wapi, tarehe, aina ya mzigo, na namba ya gari. Kiwe na sahihi ya mwenye gari, ya dereva na ya mzazi. Nakala moja ikae kwenye gari, moja ofisini, moja nyumbani. Na mwenye gari awe na uhuru wa kuandika "hapana" bila kuombwa maelezo.

Katika kibali hicho napenda iandikwe pia kwamba safari ya mtoto ni ya mchana, na kwamba mtoto hapandi gari lililobeba mafuta, gesi, kemikali au baruti. Mkataba wa Ulaya unaosimamia usafirishaji wa mizigo hatari barabarani unakataza abiria yeyote asiye wafanyakazi wa gari kwenye magari hayo, mtu mzima au mtoto. Sisi tuna sababu yetu wenyewe. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Morogoro, lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto na zaidi ya watu 100 wakafariki, wengi wao wakiwa ni waliokimbilia kuchota mafuta. Dereva wa tenki anayeonekana na mtoto kebini anawafundisha watoto wa kila kijiji anachopita kwamba gari lile ni la kukaribiwa.

Nimezungumza sana kuhusu ndani ya gari. Naomba mnivumilie kidogo kuhusu nje, kwa sababu mtoto anaweza kusafiri salama siku nzima akaumia gari likiwa limesimama. Tunaposimama kuchimba dawa, mtoto anaruka kutoka kwenye ngazi ya juu, anazunguka mbele ya lori na kukatiza barabara kuelekea kichakani. Dereva wa lori refu aliyekaa juu hamwoni mtoto aliye mbele karibu na bampa, wala aliye nyuma ya tela. Kwa kuwa sisi tunakaa kulia, upande wa kushoto una eneo kubwa zaidi lisiloonekana kwenye vioo. Mtoto ashuke kwa kutazama gari, mikono miwili imeshika vishikio, mguu mmoja baada ya mwingine, upande wa mbali na barabara, na mtu mzima awe ameshatangulia chini kumpokea. Gari lisiwashwe mpaka dereva amemwona mtoto kwa macho yake ameketi na amefungwa. Kuambiwa na utingo kwamba "wote tumo" hakutoshi.

Na mtoto asiachwe peke yake kebini. Kwenye jua la Same au Mombo kebini iliyofungwa inapata joto haraka sana, na mtoto aliyebaki na ufunguo anaweza kuachia breki ya kuegesha. Usiku, msiwashe jiko la mkaa ndani ya gari ili kujikinga na baridi, hata kwa dakika chache. Moshi wa mkaa una hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na wanaolala nayo hawaamki. Hili linawahusu pia watu wazima.

Kuna watoto wengine ambao hawaitwi abiria. Wanaitwa matingo. Kijana wa miaka 15 ameacha shule, anapakia mikungu usiku, anafunga turubai, na lori likisimama kwenye mlima yeye ndiye anayekimbia kuweka jiwe nyuma ya tairi huku injini inaunguruma. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kubeba mizigo mizito imetajwa humo miongoni mwa kazi hatarishi. Nani kati yetu anaweza kusema kwamba kazi ya utingo ni nyepesi na ni ya mchana? Najua vijana hawa wengine ni ndugu zetu tuliotaka kuwasaidia, na familia zinategemea posho yao. Tuwasaidie kwa namna nyingine mpaka wafike miaka 18. Jiwe lile likiteleza, ni mguu wa mtoto uliopo chini ya tairi.

Nimalizie na watoto wa watu. Dereva anaombwa na mama asiyemfahamu vizuri, pale Njia Panda, ampeleke binti wa miaka 13 Dar es Salaam ambako kuna mtu atampokea. Dereva mwema anaona ni msaada. Lakini hajui binti anakwenda kufanya nini, anayempokea ni nani, na atalala wapi gari likiharibika Segera. Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na dereva anaweza kujikuta ndani ya kesi ambayo hakuikusudia. Zaidi ya kesi, kuna huyo binti, usiku, kwenye maegesho yenye wanaume wengi, bila mtu wake. Mtoto ambaye si wako, na mzazi wake hayumo garini, usimchukue. Mwelekeze mama huyo kwenye basi na, kama unaweza, mchangie nauli. Ukishuku kwamba mtoto anasafirishwa kinyume cha matakwa yake, namba 116, Simu ya Mtoto, inapokea taarifa, na polisi wapo kwenye 112. Kuvuka mpaka Namanga au Holili na mtoto kunahitaji hati yake ya safari, na kama mzazi mmoja hayupo, barua ya ridhaa yake. Asiyekuwa na hati arudi nyumbani. Kumficha kitandani nyuma ya pazia ni kumweka mtoto kwenye kosa la mkubwa.

Akina baba mtaniuliza, basi mtoto asione kabisa kazi ya babake? Aione. Mlete gari likiwa limesimama uwanjani, ufunguo uko mfukoni mwako, mpandishe akae nyuma ya usukani, mwonyeshe gia, mfundishe kukagua tairi na matone ya maji chini ya injini. Mpeleke Dar es Salaam kwa basi, akukute ukishusha. Mtoto wa miaka 14 aliyefikisha urefu, kwa safari ya mchana ya Moshi hadi Arusha na gari tupu, kibali kimesainiwa, mkanda unamkaa, utingo amebaki: safari hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Kwenye mwimo wa mlango wa kutokea tumechora alama ya sentimita 150 kwa chaki. Watoto wote waliokuja leo wasimame hapo, viatu vimevuliwa, na mzazi aandike kipimo mwenyewe. Kibali cha mfano kiko mezani upande wa kushoto. Wenye malori chukueni kimoja kwa kila gari mlilonalo, mkirekebishe kulingana na kazi zenu. Madereva mnaoondoka jioni hii kuelekea Dar es Salaam mtangulie kuuliza maswali ili msichelewe, kisha tutawasikiliza akina mama.